Picha Haijala Ugali wa Mtu

Kama ulitaka kusifiwa, hukumwita Bwana Mifugo. Ulimwita mtu mwingine yeyote, katekista, katibu wa tawi, hata mlevi wa kilabuni. Yeye alikuja na buti zake za mpira zilizonuka dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe, akamzunguka ng'ombe wako mara mbili, akamfungua mdomo akatazama meno, halafu akakwambia mbele ya wageni wako, "Huyu ni bibi. Mwacheni apumzike."

Nilimjua kwa jina hilohilo la Bwana Mifugo tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye barua za serikali. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, sitasema, maana mwenyewe ukimuuliza alijibu, "Mimi ni wa ukoo wa kupe. Kupe wakiisha, na mimi nimeisha." Kwa kweli jibu lile lilimsaidia. Kijiji chetu, huko upande wa Itiryo, kilikuwa kipya. Ilikuwa ile miaka ya kuhamishiwa vijijini, watu wamebeba milango ya nyumba zao kichwani, na koo ambazo zamani zilitazamana kwa mikuki sasa zinaazimana chumvi. Mtu asiyekuwa na ukoo wa kutetea alikuwa na faida.

Mimi nilikuwa mwalimu wa ngumbaru, nafundisha watu wazima kusoma na kuandika. Nyumba yake na yangu zilitenganishwa na ua wa minyaa, na minyaa haizuii maneno. Ndiyo maana ninayajua mengi, na sioni haya kuyasema.

Nianze na ukweli wake, maana ndio uliotuumiza wengi. Mdogo wangu wa kike alipochumbiwa, baba alifurahi, ng'ombe wa mahari wakaletwa, akina mama wakaanza kupiga vigelegele. Mjinga mmoja, sijui nani, akasema, "Aitwe Bwana Mifugo awatazame." Akaja. Akawatazama. Akasema watatu ni wazima, wawili wana minyoo, na yule mweusi mnayeambiwa ana mimba, hana mimba, ameshiba tu. Wee! Vigelegele vilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Harusi ikasogezwa hadi baada ya mavuno, mdogo wangu akalia machozi ya kuosha vyombo, na mimi sikumsemesha jirani yangu wiki mbili nzima. Yeye kila asubuhi ananisalimia kupitia minyaa, mimi kimya. Siku ya kumi na nne akasema, "Mwalimu, umenuna vizuri, lakini ng'ombe bado hana mimba." Nikacheka kwa hasira, ugomvi ukaisha hivyo.

Alikuwa na msemo wake mmoja: "Kupe haogopi mwenyekiti." Aliutunga siku ambayo mwenyekiti wa kijiji alitaka ng'ombe wake waingie joshoni kwanza, kabla ya foleni. Bwana Mifugo alisimama mlangoni mwa josho na fimbo yake, akamwambia, "Mwenyekiti, shikamoo. Foleni inaanzia kule nyuma." Mwenyekiti akaenda kule nyuma. Baadaye msemo ulienea, hata wanafunzi wangu vikongwe waliuandika ubaoni kama mfano wa sentensi kamili.

Msidhani alikuwa jasiri wa kila kitu. Mtu aliyeweza kumshika fahali puani akamtuliza kwa neno moja, jogoo wangu akimkimbilia alikuwa anaruka ua kama mwizi. Maziwa hakunywa. Sisi Wakurya mtu asiyekunywa maziwa tunamhurumia kama yatima, na yeye alikuwa afisa mifugo! Alisema ameona ng'ombe wengi mno kwa ndani. Tena alikuwa anaimba. Siku za kuogesha, kila Jumatano, alikuwa anawaimbia ng'ombe nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya kabisa, nao wakatumbukia majini, nadhani ili wasiendelee kumsikia.

Alikuwa pia na cheti chake cha chuo, amekitia kwenye fremu, lakini darasani kwangu alikuja akaketi na bibi zangu wa "ba be bi bo bu." Nikamuuliza anatafuta nini. "Napenda kumsikia mtu mzima akisoma silabi," akasema. "Hapo hana nafasi ya kudanganya."

Sasa nije kwenye picha.

Mjapani alitujia na mradi wa maji. Kijana mwembamba, nywele zimesimama, Kiswahili chake cha kuokota. Alikuja kufunga pampu ya kuleta maji joshoni, na kwa kuwa vipuri vilichelewa miezi mitatu, miezi mitatu hiyo aliishi kwa Bwana Mifugo. Aliamkia kila kiumbe. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia ndama "shikamoo." Ugali alikula kwa mkono, akaunguza vidole, akacheka. Tukampenda.

Kumbe kwao alikuwa anajifunza uchoraji, pampu ilikuwa kazi ya kumpa chakula. Alikuwa na rangi za mafuta kwenye vibomba kama vya dawa ya meno. Akaomba kipande cha turubai la hema lililochanika, akakigongomea kwenye fremu ya mbao, akaweka pale kando ya josho, akashinda juani siku nyingi anapaka, anakwangua, anapaka. Jumatano ng'ombe wakapita nyuma yake mia kwa mia, naye hageuki.

Alipoimaliza, kijiji kizima kilikwenda kutazama. Haikuwa na mtu. Haikuwa na nyumba, wala mlima. Ilikuwa na wekundu wa udongo uliochomwa, ukatandaa karibu picha yote. Weupe ukauingilia kutoka pembeni, mapande mapande, bila mpangilio. Halafu mfuto mmoja mweusi wa brashi, kwa upande, kama mtu aliyeteleza akajishika. Basi. Ukubwa wake kama mlango wa kabati.

"Umechora nini?" Bwana Mifugo akamuuliza Mjapani, na jibu aliloambiwa akaniletea mimi jioni ile kupitia minyaa, akiwa amechanganyikiwa.

"Amesema si kitu, mwalimu."

"Si kitu gani?"

"Si kitu. Rangi tu. Nimemuuliza mara tatu. Anasema ameacha kuchora vitu, sasa anachora rangi. Hii ndiyo ya kwanza aliyoipenda."

"Mtu mzima na akili zake," nikasema, "anashinda juani anachora si kitu!" Na nilimaanisha. Mimi katika picha ile sikuona kitu chochote, na nilimwambia kila aliyeniuliza.

Vipuri vikaja, pampu ikafungwa, Mjapani akaondoka, tukamsindikiza hadi barabarani. Picha akamwachia mwenyeji wake. Bwana Mifugo akaitundika sebuleni, na hapo ndipo nilipoona maajabu. Mtu huyu aliyepanga chupa za dawa kwa urefu, picha ile aliigeuza kila baada ya siku chache. Leo weupe uko juu, kesho uko kushoto. "Kama si kitu," alisema, "haina miguu. Kwa nini isimame upande mmoja?"

Wazee wakaanza kuja kuitazama. Huku kwetu ng'ombe tunamjua kwa rangi kabla ya kumjua mwenye mali. Mtoto hajajua kuhesabu, anajua mabaka ya kila ng'ombe wa boma lao na la jirani, na kila baka lina jina lake. Basi wazee wakaketi mbele ya ile picha, mmoja akainamisha kichwa upande, akasema, "Mura, huyu ni wa Mama Bhoke."

"Nani?"

"Huyu ng'ombe. Ubavu wa kushoto. Hebu igeuze hivi. Eeeh! Si mnaona?"

Wakaona wote. Bwana Mifugo akawaeleza kwa adabu kwamba mchoraji mwenyewe amesema si kitu. Mzee akamjibu kwa huruma, "Mgeni atajua nini? Macho yake yalimwona, yeye hakujua ameona." Wakaendelea kuja, wakamwamkia ng'ombe wa ukutani, wakapewa chai.

Mama Bhoke alikuwa mjane, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na wajukuu watatu wa mkononi. Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, mwekundu mwenye mabaka meupe, aliyezaliwa hana pembe. Kikombe cha maziwa cha wale watoto kilitoka kwake, na hapakuwa na kingine. Siku moja mvua kubwa imekatika, mlango wa zizi uko wazi, ng'ombe hayupo. Wizi wa mifugo kwetu hauhitaji maelezo. Vijana wakafuata nyayo, zikapotelea mtoni.

Miezi mingi baadaye akaonekana kwenye kundi la Mzee Marwa, kijiji cha ng'ambo ya mto. Mzee Marwa hakuwa mwizi, naomba hilo lieleweke. Alimnunua mnadani, mchana, mbele ya watu. Lakini hakuwa tayari kumtoa kwa maneno ya mama mmoja, na nani angekuwa tayari? Kesi ikaletwa kwenye baraza la kijiji, na baraza likakaa darasani kwangu, kwa sababu ndilo jengo pekee lililokuwa na viti.

Bwana Mifugo akasimama wa kwanza. "Ng'ombe ni wa Mama Bhoke. Nilimwogesha kila Jumatano, hadi wiki aliyoibiwa. Simsahau."

Mzee Marwa akauliza kwa upole, "Bwana Mifugo, juzi umekula wapi?"

"Kwa Mama Bhoke."

"Umekula nini?"

"Ugali wa mtama."

"Na wiki iliyopita?"

"Kwa Mama Bhoke."

"Mimi sisemi kitu," Mzee Marwa akasema. "Nasema tu macho ya mtu aliyeshiba huwa mazito." Watu wakacheka, na ushahidi ukaishia hapo. Sote tulikuwa tumekula kwa Mama Bhoke. Hapakuwa na jirani ambaye hakunawa mikono kwake. Shahidi angetoka wapi?

Ndipo yule mzee aliyekuwa wa kwanza kumwona ng'ombe pichani aliposimama kwa fimbo yake. "Iletwe picha," akasema. "Picha haijala ugali wa mtu."

Ikaletwa. Wakaitundika kwenye msumari wa ubao wangu, juu kidogo ya sentensi yangu ya siku ile, "Kupe ni adui." Ng'ombe akafungwa nje, mlangoni, akaanza kula nyasi za paa langu bila wasiwasi wowote. Wazee wakatazama picha, wakatazama ng'ombe. "Baka hili, lile pale." "Hili la shingoni, lile." "Mweusi huu ni kivuli, jua la saa nne." Walikuwa wanazungumza kama mahakimu, na mimi nimeziba mdomo kwa kanga nisicheke.

Mzee Marwa hakuwa mjinga. "Kama huyu ni ng'ombe," akasema, "pembe zake ziko wapi?"

Mzee wa fimbo akageuka taratibu akatazama mlangoni. "Na yule aliyeko nje, tata Marwa, ana pembe?"

Watu wote wakageuza shingo. Ng'ombe akatutazama, nyasi mdomoni, kichwa laini kama chungu.

"Hana," Mzee Marwa akakubali.

"Basi Mjapani angezitoa wapi?"

Darasa likapasuka kwa vicheko. Mwenyekiti mwenyewe alipiga meza. Lakini alipotulia akawa mwenyekiti kweli. Akasema, "Bwana Mifugo, wewe hukuwahi kusema uongo, hata pale ambapo tungefurahi useme. Mimi ulinirudisha nyuma ya foleni. Marwa, ukimsikia huyu kuhusu picha, utaridhika?"

"Nitaridhika," Mzee Marwa akasema. "Kuhusu picha, nitaridhika."

"Haya. Mjapani alikaa kwako. Alimchora ng'ombe huyu, au hakumchora?"

Kicheko changu kikakauka. Katika darasa lote ni watu wawili tu tulioliamini jibu la Mjapani, naye akanitazama mimi. Mama Bhoke alikuwa ameketi chini, amemshika mjukuu mdogo, na yule mtoto amebeba kibuyu kitupu cha maziwa, maana bibi alimwambia wanakwenda kumchukua ng'ombe. Bwana Mifugo akatazama kibuyu. Akatazama picha.

"Ni yeye," akasema.

Mzee Marwa akasimama, akaikaribia picha, akaitazama kwa muda. "Kama ni yeye," akasema, "basi amemchora vizuri." Akafungua kamba kwa mkono wake mwenyewe, akamkabidhi Mama Bhoke. Mwezi uliofuata alivuka mto na fahali wake mzuri, akamwomba Bwana Mifugo amwandikie Mjapani aje amchore, ili siku akiibiwa asihangaike na mashahidi. Wengine wakafuata. Jumatano moja nilihesabu wazee sita kwenye foleni, ng'ombe wamepigwa brashi, wanamsubiri mchoraji aliyeko ng'ambo ya dunia.

Jioni ya siku ya baraza, yeye alisimama upande wake wa minyaa, mimi upande wangu.

"Ng'ombe ni wake, mwalimu."

"Najua."

"Lakini picha si ng'ombe."

"Na hilo najua."

"Basi usiniambie unajua," akasema, akaingia ndani.

Hatukulitaja tena. Lakini mimi jirani yake niliona. Tangu siku ile, akiulizwa jambo, alikaa kwanza kidogo kabla ya kujibu. Akiitwa kwenye mahari alitazama meno, akasema, "Nadhani." Bwana Mifugo, kusema nadhani! Watu walisema amekuwa mtu mzima, amejifunza adabu. Mimi niliumia. Nilitamani anitukanie ng'ombe wangu hata mara moja kama zamani. Kuigeuza picha pia aliacha. Ilikaa upande uleule waliouchagua wazee.

Akahamishwa kwenda wilaya ya Serengeti. Niliona picha ikipanda basi imefungwa kwenye gunia, yeye ameipakata kama mtoto. Miaka ikapita. Tulikutana mara moja mnadani Nyamongo, tukacheka sana, mambo ya jogoo. Kisha kimya, hadi mwaka ule nilipopokea ujumbe kutoka kwa binti yake: baba anasema uje, ana neno.

Nilimkuta nyumbani kwake, vijijini kule nje ya Mugumu, ameketi mlangoni. Mtoto wa jicho alikuwa amemla macho yote mawili. Buti za mpira zilikuwa bado zimesimama ukutani.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

"Marahaba. Huyo ni mwalimu. Sauti bado imenuna."

Tukanywa chai, yeye ya rangi kama kawaida. Halafu akaniambia. Wageni walikuwa wamekuja kutoka Japani, mama mmoja na kijana wa kamera, pamoja na mkalimani. Yule Mjapani wetu kumbe alikuwa mchoraji mkubwa huko kwao. Alikuwa amefariki. Walikuwa wanazitafuta picha zake za mwanzo, za wakati ule alipoacha kuchora vitu, na barua zake za zamani zilitaja moja aliyoiacha Tanzania, joshoni. Waliipiga picha, walimshukuru, walimwinamia. Kisha wakamuuliza inaitwaje.

"Nikajibu kabla sijakaa kidogo," akasema. "Nikasema inaitwa Ng'ombe wa Mama Bhoke. Wakaandika, mwalimu. Wanaitia kitabuni. Maisha yangu yote uongo wangu ulikuwa mmoja, na sasa umepanda ndege."

Nilitaka kucheka, lakini uso wake haukucheka.

"Wazee wale wote wamekufa wakiamini," akaendelea. "Mama Bhoke alikufa akiamini. Tuliojua ni mimi na wewe, na mimi sioni tena. Wewe hukuwahi kunibembeleza. Ingia ndani uitazame vizuri, usiharakishe. Halafu uniambie, yumo au hayumo?"

Nikaingia. Ilikuwa pale, ukuta wa mbele ya mlango, imeshika vumbi kidogo. Nikaitazama, namwambia Mungu ukweli, kuliko nilivyowahi kutazama kitu chochote. Wekundu, weupe, ule mfuto mweusi. Nikainamisha kichwa upande kama wale wazee. Nikarudi nyuma hatua tatu. Nikafumba jicho moja. Rangi tu. Nikamfikiria mtu huyu amekaa na neno lile kifuani miaka yote hii, kwa ajili ya kibuyu cha watoto wa mwenzie, nikasikia machozi yananijia.

Nikatoka. "Yumo," nikasema.

"Kweli?"

"Kweli kabisa, sijui zamani nilikuwa nimefumba macho. Mgongo wake ule, mabaka yale ya ubavuni. Kila kitu. Hata pembe zake zinaonekana."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikainuka nimshike.

"Mwalimu," akasema, anatafuta pumzi. "Pembe?"

Ndipo nilipomkumbuka yule ng'ombe, amesimama mlangoni mwa darasa langu anakula paa, kichwa laini kama chungu. Bwana Mifugo akacheka hadi chai ikamwagika, hadi binti yake akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kuna nini. Akaupapasa mkono wangu, akaupata, akaushika.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Nimekaa humu peke yangu muda mrefu."